Mchoraji ni mchoraji, ya nini kuongeza 'wa kike'?

Nikiwa London mnamo 2019 nilipita katika ukumbi wa sanaa wa Barbican kutazama maonyesho ya kazi za Lee Krasner, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1908. Mwenzangu aliponiuliza huyo ni nani, nilijibu bila kuwaza: "Si yule mke wa Jackson Pollock!" Naam, mimi mwalimu wa lugha.

Mchoro wa kidhahania hauna mtu, mti wala nyumba ya kukushika mkono. Ni rangi na mwendo wa brashi tu. Nilisimama sana mbele ya michoro aliyoifanya miaka michache baada ya Pollock kufa katika ajali ya gari mwaka 1956. Usingizi ulimpaa, akawa anachora usiku. Na kwa kuwa hakupenda kutumia rangi nyingi chini ya taa, alijinyima, akabaki na kahawia na nyeupe. Baadhi ya turubai hizo zinapita kimo cha mtu, na brashi inazunguka kama tufani. Mwanzoni hazikunivutia. Nilipozirudia, jibu langu likaanza kunisuta.

Kwani Krasner alikuwa mchoraji hata kabla ya kuolewa mwaka 1945. Mwalimu wake, Hans Hofmann, aliwahi kumsifu kuwa kazi yake ni nzuri hivi kwamba mtu hangejua imefanywa na mwanamke. Eti hiyo ni sifa!

Kiswahili hakina lawama hapa. Ukisema "amechora", hujafichua aliyeshika brashi ni mume au mke. Ngeli ya A-WA haibagui. Sasa mbona sisi wahakiki tunakimbilia "mshairi wa kike" na "mwandishi wa kike", ilhali "mshairi wa kiume" ni nadra kumsikia?

Sisemi uanamke wa Krasner haukuwa na uzito. Ulikuwa nao, na sifa ya Hofmann ni ushahidi. Usemwe, lakini kama sehemu ya hoja, si kama kipimo cha kazi.

Niliporejea nyumbani nilifungua mswada wa uhakiki wangu wa diwani fulani. Sentensi ya kwanza ilianza, "Malenga huyu wa kike..." Nikafuta maneno mawili. Hoja yangu haikupungukiwa na chochote.