Jina Refu, Safu Nyembamba

Jedwali la alama za darasa lina ugomvi wa kuzaliwa nao: majina ya masomo ni marefu, alama zenyewe ni tarakimu mbili. "Éducation civique et morale", kwa herufi za ukubwa wa 10, hula zaidi ya sentimita 4 za upana, ilhali alama iliyo chini yake inatoshwa na sentimita 1. Karatasi ya A4 iliyolazwa ina sentimita 29.7. Ukitoa pambizo na safu ya majina ya wanafunzi, zinabaki kama 18. Shule iwe Kalemie mjini au kule Piana-Mwanga, kwenye kituo cha umeme cha mto Luvua, hesabu haibadiliki: masomo 15 hayaenei mpaka majina yasimame.

Wengi huyasimamisha kwa nguvu, herufi moja, kisha kitufe cha kushuka mstari, kisha herufi nyingine. Jina la "Éducation civique et morale" lina herufi 24. Zikipangwa hivyo hufika sentimita 10, karibu nusu ya kimo cha karatasi. Isitoshe, kompyuta haioni tena neno. Ukitafuta "civique" hulipati, na kosa la herufi moja linakulazimu kuhesabu ngazi.

Njia ya maana ni kugeuza kisanduku chenyewe. Katika Word ya Kifaransa, chagua mstari wa juu wa jedwali, nenda "Disposition" (matoleo mapya huandika "Mise en page"), ubonyeze "Orientation du texte". Mbonyezo wa kwanza huelekeza maandishi chini, wa pili huyapandisha juu. Mimi nachagua wa pili bila kusita: vitabu vya Kifaransa kwa desturi huandikwa mgongoni kutoka chini kwenda juu, na msomaji wa shule zetu amezoea kuinamisha kichwa kushoto. Wenye LibreOffice Writer watapata nyuzi 90 na 270 kwenye mipangilio ya herufi, sehemu ya "Position".

Hapo ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu jina hukatika vipande. Mstari haujirefushi wenyewe kufuata maandishi yaliyosimama. Upe kimo cha sentimita 5 kwa mkono. Jina likiegemea upande mmoja wa safu, mchawi ni ile nafasi inayoachwa baada ya aya: neno likisimama, nafasi ya chini inageuka nafasi ya pembeni. Iweke sifuri.

Darasa la wanafunzi 50 litavuka hadi ukurasa wa pili. Washa "Répéter les lignes d'en-tête" ili majina ya masomo yajirudie, na usikate ukurasa kwa mkono katikati ya jedwali, maana ukikata, kichwa hakirudi.