Bua Moja la Funjo: Usahili katika Picha za Asili za Kigali

Baadhi ya wafasiri huyaita majira ya kupukutika kwa majani huko Ulaya "vuli". Katika Kiswahili cha pwani, vuli ni mvua fupi. Na nchini Rwanda msimu huo, uanzao Septemba, huitwa umuhindo. Uoto hauvui majani, bali huchipua. Kwa hiyo mpiga picha wa Kigali anayetafuta usahili hana jani pweke la kuazima. Katika ardhioevu ya Nyandungu, hifadhi ya takriban hekta 121 iliyofunguliwa mwaka 2022, yeye hutenga bua moja la funjo mbele ya ukungu wa asubuhi. Picha ya namna hiyo ina nguvu, kwani humtuliza mtazamaji. Hata hivyo, kila kilichoachwa nje ya fremu ni uamuzi. Nyandungu iliharibiwa na binadamu, kisha ikafufuliwa kwa kazi yao. Picha isiyo na alama ya mikono hiyo humwaminisha mshauri wa sera kwamba asili ilijiponya yenyewe. Usahili unaofaa utabakisha bua hilo, na nyuma yake, kwa mbali, njia waliyoitengeneza watu.