Salim Hakuwa na Mwenyeji: Kusoma Naipaul Kutoka Bangboka

Kati ya vitabu ambavyo watu wa mbali waliandika juu ya mji wetu, kimoja kinajulikana kuliko vingine: A Bend in the River cha V. S. Naipaul, kilichotoka mwaka 1979. Sisi wa inchi inayosoma Kifaransa tunakijua kwa jina la A la courbe du fleuve. Naipaul alizaliwa Trinidad mwaka 1932, katika jamaa ya Kihindi; alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2001, akafa mwaka 2018. Alitembelea Zaire mwaka 1975, akatoka na makala kali juu ya Mobutu, na miaka mine nyuma yake akatoa riwaya hii. Hataji jina la mji wala jina la inchi. Lakini mutu wa Kisangani hahitaji kuambiwa. Steamer inapanda kutoka mji mkuu na kuishia hapa, juu mbele ni mawe na maji yenye kuanguka. Mji uliharibiwa na vita, pori likaingia mu nyumba za wazungu. Ni kwetu.

Wengi wetu tukikisoma tunakasirika, na sababu ziko. Mwafrika wa Naipaul mara nyingi ni mutu wa pori anayevaa nguo ya mji kwa muda. Chinua Achebe alimpinga waziwazi katika Home and Exile, mwaka 2000, na sioni haja ya kurudilia maneno yake hapa. Ninataka kukisoma kitabu hiki kwa mlango mwingine, ule wa desturi, kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja wa darasa la mwisho. Tulikuwa tunasoma kipande mu somo la Kifaransa. Akanyoosha mkono: « Mwalimu, huyu Salim alipofika, nani alimpokea? »

Darasa lilicheka kidogo, lakini swali ni zuri kuliko makala nyingi za maprofesa.

Salim ni nani? Ni kijana wa jamaa ya Kiislamu yenye asili ya Kihindi, kutoka pwani ya mashariki. Mzee mmoja rafiki wa jamaa yake, Nazruddin, anamuuzia duka lake kwenye mkunjo wa mto, na Salim anasafiri kwa gari siku nyingi mpaka anafika. Anafungua mlango, anahesabu vitu, anaanza kuuza. Basi. Hakuna mahali mu kitabu ambapo anaenda kujionyesha kwa mutu fulani wa inchi. Hana kapita, hana mzee wa kartiye, hana jirani anayesema « huyu ni wangu ». Ana marafiki, ndiyo, Mahesh na mke wake Shoba, lakini nao ni Wahindi wageni kama yeye. Ana karatasi ya duka, mwenyeji hana.

Hapa Bangboka, kati ya Wakumu wenye udongo, jambo hilo lingekuwa la ajabu. Wazee wanaeleza hivi: mgeni akifika kijijini hasimami katikati ya njia. Anaulizwa anatoka wapi, anatafuta nani. Kama hatafuti mutu, anapelekwa kwa kapita, na kapita anamweka mikononi mwa jamaa moja. Kuanza siku ile akiiba, ni jamaa ile inayoitwa. Akiugua, ni jamaa ile inayoangalia. Akitaka kuoa, ni jamaa ile inayobeba mbuzi. Mwenyeji ni mutu wa kujibu kwa ajili yako. Chakula cha siku ya kwanza ni kitu kidogo tu katika neno hilo, hata kama sisi katika hotuba zetu tunasifu chakula tu.

(Siku hizi ni kweli tunaona wageni wengi ambao hatuwapokei hata kidogo. Ndege zinatua kwetu, lakini abiria hawasimami: wanapanda gari na kumaliza kilometa 17 mpaka mjini, bila kuuliza hata jina la kijiji.)

Sasa turudi mu kitabu, kwa sababu hapo ndipo ninaona kitu ambacho mwandishi mwenyewe, kwa maoni yangu, aliandika bila kukipima vizuri. Yuko mama mmoja, Zabeth, mfanyabiashara wa kijiji cha wavuvi. Anakuja kwa mtumbwi na kwa steamer, ananunua vitu vya dukani kwa Salim, anarudi navyo kijijini. Anajipaka dawa yenye harufu kali ili watu wasimkaribie. Salim anamheshimu, anamwogopa kidogo. Siku moja Zabeth anamletea mtoto wake, Ferdinand, anayeingia lise mjini, na kumwomba amwangalie.

Salim anapokea kama kazi iliyoongezwa juu ya kazi. Hajui azungumze nini na kijana. Anamwona kama mutu mwenye sura nyingi, leo hivi, kesho vile. Lakini mama yeyote wa Wagenia au wa Lokele angemweleza maana ya tendo lile. Mutu haachi mtoto wake kwa muuza duka. Ukimpa mgeni mtoto wako amlinde, umemtoa katika ugeni: umemfanya mjomba. Zabeth alikuwa anamfungulia Salim mlango wa inchi, mlango uleule ambao alikuwa analalamika kila ukurasa kwamba umefungwa. Na tuangalie jambo lingine: baba ya Ferdinand ni mutu wa kabila la kusini, mfanyabiashara. Mtoto huyu mwenyewe ni nusu mgeni. Zabeth alikwisha kuona mambo ya wageni, alijua anachofanya.

Na udugu ule ulilipwa. Mwishoni, serikali ya Mkubwa imechukua maduka ya wageni, duka la Salim limepewa Théotime, Salim anafungwa juu ya pembe za tembo alizoficha. Nani anamtoa? Ferdinand, ambaye sasa ni komisere. Anamwachilia na kumwambia aondoke mjini upesi. Wahakiki wengi wanasoma pale giza tu, mwisho wa kila kitu. Mimi ninasoma deni la mgeni kwa mwenyeji likilipwa upande mwingine: mtoto aliyelindwa anamlinda aliyemlinda. Naipaul anaandika tendo, halafu anakataa kuliita kwa jina lake.

Inapasa tukumbuke kwamba mambo ya maduka si hadithi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisasyo, na hapa Kisangani Wagiriki, Wahindi na wengine walipoteza biashara zao. Maduka mengi yalikufa mikononi mwa waliopewa. Mwaka 1976 serikali ikaanza kuwaita wenyewe warudi. Kwa hiyo woga wa Salim ulikuwa na msingi. Mwenyeji mmoja hawezi kukulinda na amri ya rais. Hilo ninalikubali.

Lakini yuko mgeni wa pili katika riwaya, na kwangu mimi ndiye muhimu kuliko Salim. Ali, kijana wa nyumba ya jamaa ya Salim, mzao wa watumwa wa pwani, anafika nyuma ya bwana wake. Kwa muda mfupi watu wa mji wanampa jina jipya, Metty, kutoka neno la Kifaransa métis. Salim anaishi miaka mingi hapa bila mutu kumpa jina. Metty anapewa jina, anapata marafiki, anajulikana sokoni, anazaa mtoto na mwanamke wa hapa. Na Salim anapogundua habari ya mtoto, anaumia sawa mutu aliyeibiwa! Kumbe mtumwa amepata inchi kabla ya bwana. Hiyo ndiyo hadithi kubwa iliyofichwa ndani ya kitabu, na Naipaul anaiacha njiani. Mwishoni Metty anamchongea Salim kwa wakubwa, halafu Salim anaondoka na steamer, na Metty anabaki na woga wake. Atakuwa nani kesho? Kitabu hakiulizi.

Sisi tunaweza kuuliza, juu ya akina Metty tumekaa nao zaidi ya miaka mia. Wakati Stanley alipoteremka mto na kufika kwenye maporomoko, mwezi wa Januari 1877, alikuwa ameachana siku chache mbele na Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mutu wa Zanzibar. Huyu naye alikuwa mgeni wa pwani, lakini alijua sheria ya inchi kuliko Salim. Katika Maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza jinsi alivyoingia Utetela: alidai kwamba bibi yake alikuwa dada wa mfalme Kasongo Rushie, aliyechukuliwa zamani katika vita. Mfalme mzee akaamini, akamwachia utawala. Ni uongo mtupu, lakini ni uongo wa mutu aliyeelewa: bila jamaa wewe si kitu, basi tafuta jamaa, na kama huna, tunga.

Kilichofuata tunakijua. Pembe, watumwa, vijiji vilivyochomwa kando ya mto. Stanley aliporudi kwa maji mwaka 1883 alivikuta. Mwaka 1887 Leopold akamweka Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls. Kwa hiyo anayesifu ukarimu wetu wa zamani bila kutaja kwamba mlango huohuo ndio uliowaingiza wawindaji wa watu, hasemi ukweli wote.

Na hata hivyo, baada ya vita vya 1893 wakubwa walipokimbia, wadogo walibaki. Wengi wao hawakutoka Zanzibar. Walikuwa watoto wa Manyema na wa kwingine, waliokamatwa na kukua katika kambi. Wakaitwa Wangwana, yaani watu huru, neno lenye kejeli kama ukikumbuka walikotoka. Wakalima mupunga, wakajenga misikiti, wakaoa. Na lugha yao, iliyofika na bunduki, ndiyo hii ninayoandikia. Kiswahili kilikuwa mgeni mbaya kuliko Salim, lakini leo katika kartiye zetu nyingi ndicho mwenyeji, na Lingala ndiyo iliyokuja nyuma, na maji na askari. Mutu wa pwani akifika Kisangani anaweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha ya mama yake. Salim wa Naipaul alikuwa na ufunguo huu mfukoni, na mwandishi hakumpa kazi ya kufanya nao. Kama mwalimu wa lugha, hapo ndipo ninamnyima pointi nyingi.

Mufano wa tatu hauko mu riwaya. Mwaka 1944 kijana wa Sankuru, Mtetela, alifika Stanleyville bila mali, akapata kazi ya karani katika posta. Hakuwa mutu wa mto, wala Mkumu, wala Mgenia. Patrice Lumumba alitafuta mwenyeji wa namna mpya: mashirika. Alikuwa katika vyama vingi vya mji, mara nyingi kama mkubwa wao, akiandika magazetini, akisoma usiku. Hata kufungwa kwake mwaka 1956 hakukumfuta. Alipohamia Léopoldville mwaka 1957 alikuwa tayari mtoto wa Stanleyville, na mwezi wa Oktoba 1959 chama chake kilipofanya mkutano hapa, mji ulimfuata mpaka mitaani. Leo hakuna mzee hapa atakayekuambia Lumumba alikuwa mgeni.

Sasa nifike kwenye neno linaloniuma. Katika vitabu vidogo kama hiki tunapenda kuandika kwamba Mwafrika anapenda wageni, na tunaleta methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri. Lakini tuisome kama tunavyosoma Naipaul, bila huruma. Inasema jembe, haisemi udongo. Kwetu mgeni anaonyeshwa mahali pa kulima mihogo na mupunga, na anatoa sehemu ya mavuno kwa mwenye udongo. Kupanda michikichi au kakao ni neno lingine, juu mti unakaa kuliko mutu, na anayepanda mti anaanza kusema « hapa ni kwangu ». Mjukuu wa mgeni, aliyezaliwa hapa, anayezungumza kama sisi, siku ya ugomvi anaitwa tena mutu wa kuja. Ugeni wake haukuisha, ulilala tu. Na sheria ya 1973 inasema udongo wote ni wa serikali. Kwa hiyo mlimaji ana wenyeji wawili, na kila mmoja anaweza kumuuza bila kumwambia mwenzake.

Mwaka 2023 tuliona matunda yake ng'ambo ya mto, Lubunga. Wambole na Walengola, watu waliooana na kulima pamoja miaka na miaka, waliuana juu ya udongo uliopewa kampani moja ya kilimo. Kila upande ulisema udongo ni wake. Nyumba zilichomwa, maelfu wakavuka mto na watoto na magodoro, wakawa wageni katika mji wao wenyewe. Wengine waliketi madarasani. Sikusikia mutu yeyote akiwatajia methali ya jembe.

Ndiyo maana ninakataa kumtupa Naipaul. Alikosa kuona mlango aliofungua Zabeth, lakini aliona vizuri namna mutu anavyoweza kuishi miaka mingi mahali na kuondoka na mfuko mmoja. Kwa walimu wenzangu wanaotaka kukifundisha: chukueni sehemu ya kwanza, kurasa za Zabeth na Ferdinand, na zile za kufika kwa Metty. Halafu waambieni wanafunzi waende kuuliza nyumbani babu yao alipokelewa na nani. Wengi watarudi na jina. Wachache watarudi wakisema baba amekataa kujibu.