Siku ya Kwanza Hapakwi Rangi

Shika chuma kilicholala nje usiku kucha hapa Mwanza, alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya miamba. Mkono utatoka na maji. Ziwa Victoria halina chumvi, ndiyo maana chuma cha huku hakiliwi upesi kama cha Tanga. Meli ya MV Victoria, kwa mfano, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland na kuungwa Kisumu, ilianza safari mwaka 1961. Ilipofanyiwa ukarabati mkubwa, ikarudi njia ya Bukoba mwaka 2020. Lakini kutu haidai chumvi. Inadai maji na hewa, na umande wa ziwani unaileta karamu hiyo kila usiku.

Nina fundi mmoja, upande wa Nyakato, ambaye napenda kumtazama akifanya kazi. Anatengeneza stendi za matangi ya maji, zile zinazosimama nyuma ya nyumba zetu za vilimani. Stendi haionewi huruma. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2 za maji, koki inavuja, tangi lenyewe linatoa jasho, na hakuna anayepanda kukagua.

Siku ya kwanza hagusi rangi. Chuma kipya hutoka dukani na gamba jeusi la kiwandani, laini, linalomfurahisha mteja. Ndilo la kuogopa: siku likibanduka, hubanduka na rangi yake. Kwa hiyo hulisaga kwa grenda mpaka chuma kitoe weupe wake, kisha brashi ya waya, kisha msasa. Akifika kwenye maungio anapunguza mwendo. Anagonga magamba ya welding kwa nyundo ndogo, anaondoa vitone vilivyoruka, anapitisha kidole polepole akitafuta vitundu. Mwisho anafuta kwa kitambaa chenye tina, na kila akifuta mara mbili tatu anakigeuza. Kitambaa kichafu, anasema, hakiondoi mafuta, kinayahamisha tu.

Siku ya pili anaanza saa nne, umande ukishakauka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua: rangi mbichi huikimbia kona kali na kubaki nyembamba pale pale kutu inapopenda kuanzia. Kwa hiyo amekwisha kuzivunja makali kona zote kwa tupa, na sasa anazipaka zenyewe kwanza, pamoja na maungio, kwa brashi ndogo. Baada ya hapo ndipo stendi nzima inapata praima nyekundu. Mikono miwili ya rangi inayofuata haifanani: wa kwanza kijivu, wa mwisho kijani. Pakiruka mahali, kijivu kinamchongea.

Bomba la mraba analiziba kabisa, au analitoboa tundu kwa chini ili maji yasilale ndani. Miguu haifukii udongoni. Huisimamisha juu ya zege lililoinuka na kuteremka pembeni, mvua ipite zake.

Mteja mwenye uwezo, fundi humshauri achukue chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Bati la paa limetufundisha faida yake: zinki hujitoa mhanga, huliwa yenyewe kwanza chuma kikabaki. Ila moto wa welding huiunguza, na moshi wake mweupe humlaza mtu na homa usiku. Wachomeleaji wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Yeye huisaga zinki kwanza mahali pa kuunga, hukaa upande unakotokea upepo, kisha huyafunika maungio kwa rangi yenye zinki nyingi.

Kazi yake nyingi hufichwa na mkono wa mwisho wa rangi. Stendi yake na ya fundi mwenye haraka, siku ya kukabidhiwa, zinafanana kama mapacha. Mvua za masika mbili tatu ndizo huzitofautisha.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiagiza stendi, geti au paa la chuma, usiulize rangi inauzwaje kabla hujauliza chuma kitaandaliwaje. Nenda ukakione kikiwa kitupu, upitishe kidole kwenye maungio, na ulipie ile siku ambayo rangi haijapakwa.