Kukaza na Kipimo Chake

Katika tafsiri za maelekezo ya ufundi wa magari hutumika sana "kaza barabara". Neno hili lasifu kazi iliyokwisha. Halimwambii fundi aishie wapi. Kwa mtu ajitengenezeaye gari jepesi la spoti, mathalani Lotus Elan lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1962, upungufu huo ni hasara. Silinda hedi yake ni ya alumini. Plagi ikikazwa kupita kiasi, hesi huharibika. Tena, namba bila kizio hupotosha: ratili-futi 20 ni takriban nyutoni-mita 27. Twapendekeza wafasiri waandike "kaza kwa kipimo", kisha wataje namba pamoja na kizio chake.