Bonyeza J Kwanza

Siku hizi kila anayefungua studio chumbani kwake huanza kwa kupiga picha mashine yake: kioo ubavuni, feni saba zinazobadilisha rangi, na watu chini wanamwaga sifa. "Mnyama huyo!" Mnyama gani, ilhali akipewa klipu za 4K kutoka Sony A7S III anaganda kabla ya mkato wa kwanza?

Keisi nitaipita haraka, maana ndicho kitu pekee wengi wanachokiangalia. Mashine ya kuhariria haihitaji kioo. Vumbi la Dar na joto la Februari vinataka wavu mbele na feni mbili kubwa zisizopiga kelele. Na iwe nyeusi. Hapo sibishani na mtu. Ram iwe gigabaiti 32, vipande viwili vya 16. Ukikuta kipande kimoja cha 32, aliyeiunga hajui chaneli mbili, au anajua na ameona hutauliza. Pawasaplai ishike mkononi. Ikiwa nyepesi irudishe, hata kibandiko kikisema wati 750.

Sasa tuje kwenye herufi moja. Soma jina la prosesa hadi mwisho. Core i5-13400 na Core i5-13400F ni ndugu wa tumbo moja, ila yenye F haina grafiki ya ndani, ndiyo maana bei yake imeshuka kidogo. Muuzaji atakwambia: "Kaka, una RTX hapo, ya ndani ya nini tena?" Hapo ndipo unapopigwa. Kamera nyingi nzuri za leo hurekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, na kadi za RTX za mfululizo wa 20, 30 na 40, hata ile 4090 yenye bei ya kiwanja, hazina chipu ya kuifungua. Quick Sync, iliyomo ndani ya grafiki ya Intel tangu kizazi cha 11, inaifungua bila kutoa jasho. Ukinunua F, kadi yako ya mamilioni inakaa kama mgeni rasmi na prosesa inabeba viti. Hata ukinunua isiyo na F, ingia BIOS uangalie: madabodi nyingi huizima grafiki ya ndani zikishaona kadi.

Kuna mzee mmoja wa Ilala, amehariri harusi tangu enzi za VHS. Akiitwa kukagua mashine hachungulii ndani. Anachomeka SSD yake yenye klipu moja, bibi harusi anaingia ukumbini, mwanga mbovu, fremu 50 kwa sekunde. Anaicheza sekunde chache, kisha anabonyeza J ili irudi nyuma. Kwenda mbele, mashine yoyote hujikongoja. Kurudi nyuma ndiko kwenye shughuli, kwa sababu fremu nyingi za H.265 zimehifadhi tofauti tu kati yake na jirani zake. Ili irudi fremu moja, mashine inabidi iikimbilie fremu kamili iliyotangulia, halafu ifungue zote zilizo katikati. Bibi harusi akiganda mlangoni, mzee anachomoa SSD na kushukuru kwa chai.

Sisi wa MiniDV hatukuyajua haya. Kila fremu ilijitegemea. Kanda ya saa moja iliingia kwa waya wa FireWire saa nzima, ikala gigabaiti 13 hivi, na Pentium 4 ikairudisha nyuma bila kinyongo. Wakati kanda inaingia ulikuwa unaitazama. Kijana wa leo anakata harusi ambayo hajaiona.

Kwenye kadi za mtumba, tembea na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ziliwahi kuzagaa GTX 1050 Ti ndani ya maboksi yanayonukia upya, kumbe ndani kuna chipu za enzi za GTS 450 ya mwaka 2010, BIOS imechezewa ili Windows isome jina la uongo. Mwaka 2018 GPU-Z ikaanza kuandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alipoonyeshwa neno hilo alijibu, uso mkavu: "Hiyo ndiyo modeli yake, bosi."

SSD usiipime kwa namba ya kwenye boksi. Nakili gigabaiti 200 kwa mkupuo, usimame hapo hapo. Za QLC za bei chee huanza kwa mbwembwe, kachi ikijaa zinaweza kutambaa kama hard disk ya zamani.

Mwenye RTX ya mfululizo wa 50 atanicheka, kwa kuwa hizo, tangu 2025, zinafungua 4:2:2 zenyewe. Ni kweli. Mimi bado nitachukua prosesa isiyo na F na kadi ya kawaida, na chenji iende kwenye UPS ya wimbi safi na monita ambayo wekundu wake ni wekundu.