Mke wa Ischomachus Hana Jina

Mhusika mwenye uhai kuliko wote katika Oeconomicus, kitabu cha Xenophon kuhusu uendeshaji wa kaya, ni mwanamke asiye na jina. Mumewe anaitwa Ischomachus, tajiri wa Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, naye ndiye anayemsimulia Socrates namna alivyomfunza mkewe. Binti huyo aliolewa hajatimiza miaka 15, akiwa amelelewa aone machache, asikie machache, na aulize machache zaidi.

Mume anamkabidhi kazi: kupokea mavuno, kusimamia watumwa wanaofuma nguo, kuwauguza wakiugua, kuweka kila chungu na kila kiatu mahali pake. Kisha anamweleza sababu. Mungu, anasema, aliumba mwili wa mwanamume kwa jua na baridi, na wa mwanamke kwa kazi za ndani.

Nimekisoma Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, na hapo nilicheka kwa sauti. Panda kutoka huku hadi milima ya Umatengo, Mbinga, ukatazame ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana kama wavu. Kisha mwanamke huingia na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea, shimo linanasa maji ya mvua, maharage yanapandwa juu ya matuta. Miteremko ambayo mvua ingeikwangua hadi mwambani imelisha watu tangu kabla ya Wajerumani, na udongo wake umegeuzwa na wanawake, juani.

Hata Athens kwenyewe maneno ya Ischomachus hayakufika kila nyumba. Katika hotuba moja ya Demosthenes, mwanamume anayetetea uraia wake anakiri mahakamani kwamba mama yake aliuza utepe sokoni na kunyonyesha mtoto wa watu kwa malipo. Ni umaskini, anajitetea. Kumbe mwanamke wa ndani alikuwa mke wa mwenye watumwa, na Xenophon akauita utajiri huo maumbile.

Ila tusijipongeze haraka. Kahawa ilipoenea Mbinga kuanzia miaka ya 1920 ilikuwa zao la mwanamume, na fedha yake pia. Sengu, baraza la Wamatengo la kula pamoja na kuamua mambo ya ukoo, lilikuwa la wanaume, wanawake walipika. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti daraja la mwisho la urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini nani anaifungua wakati wa kugawana shamba la marehemu? Kumbe mwanamke anaweza kushinda nje mchana kutwa na bado asiwe na neno juu ya gunia.

Hapo ndipo kitabu kinaponiudhi, ingawa nakipenda. Ischomachus anamwahidi mkewe kwamba akimzidi kwa ubora atamfanya yeye mume kuwa mtumishi wake. Ahadi tamu. Hasemi kwamba sheria ya Athens ilimkataza mwanamke kufanya mapatano yanayozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, yaani kama debe mbili na nusu. Xenophon hakukosa pa kulinganishia: aliishi chini ya ulinzi wa Sparta, ambako, kwa malalamiko ya Aristotle, karibu sehemu 2 kati ya 5 za ardhi zilikuwa mikononi mwa wanawake.

Na bado mke anapenya. Mume anapodhani amemtwika mzigo, anamjibu kwamba anakosea: kutunza mali yake mwenyewe si kazi ngumu, kigumu kingekuwa kuambiwa aipuuze. Yake mwenyewe, anasema, na Ischomachus hamsahihishi. Socrates anasikia jibu hilo, anaapa kwa jina la Hera, na kumsifu mwanamke huyo kwa kuwa na akili ya kiume.